Jibu Ulilolikana

Mpendwa dada Wanja,

Nakuandikia mchana, ofisini, mlango ukiwa wazi ili kila apitaye aone kwamba sifichi kitu. Unanijua. Tangu vita hivi vianze, hata debe likianguka sokoni nashika meza. Bahasha ya barua hii sitaitia gundi. Atakayetaka kuisoma njiani asiichane.

Ripoti yako ya kwanza kutoka zahanati ya Ijara imefika na malori ya msafara, nami nimepewa niipige taipu. Nilipouona mwandiko wako nilikumbuka chumba chetu hapa Garissa, na masomo ya ukunga yaliyokujia kwa posta kutoka Nairobi. Asubuhi ulifuatana na Ayeeyo Dahabo, yule bibi wa Kisomali aliyezalisha nusu ya mji, ukijifunza kwa mikono. Jioni ulikuwa na karatasi. Uliandika majibu kwa Kiswahili, nami nikayageuza Kiingereza na kuyapiga taipu saa ya chakula.

"Karani," Ayeeyo aliniuliza siku moja kwa lafudhi yake ya Kisomali, "hiyo kalamu yako imewahi kubokea mtoto?" Ukacheka mpaka ukashika mbavu, wewe dada yangu wa tumbo moja!

Kisha likaja lile swali: mama amefika kujifungua na hakuna kitanda, utafanya nini? Uliandika ulivyofundishwa na Ayeeyo: utamwacha apige magoti, ashike kamba iliyofungwa kwenye mti wa paa, nawe ukae nyuma yake na kitambaa safi. Niliogopa. Kitabuni mama alichorwa amelala chali. Niliona kazi yako ya miezi yote ikipotea kwa ajili ya kamba. Basi, bila kukuambia, nikaandika kwamba utatandika mkeka na kumlaza chali.

Karatasi ikarudi na alama ya vema. Ukaisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Nani amesema chali?"

"Dada, nilitaka upite."

"Nipite niende wapi? Kwa mama yupi?"

Ayeeyo alipoelezwa alinitazama kwa huruma. "Akilala chali, mtoto atabanda mlima?"

Ungeweza kunyamaza. Vema ilikuwa yako. Badala yake ukaketi ukamwandikia mwalimu kwamba jibu lile si lako, alifute, na ukaliandika la kwako. Hukunitaja. Nilikusihi usiitume barua hiyo, maana wangeweza kukufukuza masomoni kwa udanganyifu. Ukanipa bahasha niipeleke posta mwenyewe.

Barabara ikafungwa. Wiki tatu hapakuja lori, na wiki tatu mimi sikula vizuri. Wewe ulifuatana na Ayeeyo kwa wajawazito kana kwamba cheti kiko mfukoni. Jibu lilipofika, mwalimu alikuwa ameifuta vema ya kwanza. Kando ya jibu lako aliuliza: magoti yanawekwa juu ya nini? Mtoto anapokelewaje asianguke? Ukajibu kurasa nne. Akakupa vema mpya, na chini yake: "Anayekupigia taipu apige taipu tu."

Siku ulipopata cheti, Ayeeyo alikigeuza huku na huku, akakurudishia. "Mimi nilishasoma mikono," alisema.

Sasa ripoti yako iko mbele yangu. Watoto kumi na mmoja, wote hai. Nimeisoma mara tatu kwa majivuno nisiyoyazoea. Halafu mstari wa mwisho: mama mmoja alizuiwa na askari kwenye lango la kijiji kwa kukosa pasi ya kupita, akajifungua palepale mchangani, amepiga magoti, ameshika nguzo ya lango, nawe ukampokea mtoto mbele ya bunduki.

Wakubwa hawatafurahi. Karani mwenzangu amechungulia begani mwangu akanong'ona, "Wee, andika 'alijifungua salama' uishie hapo. Unataka kuhamishwa?"

Na ni kweli, alijifungua salama. Nimekaa na mstari huo tangu saa nne, Wanja. Nilikosea herufi, nikaanza karatasi upya. Lakini lango limo, pasi imo, mchanga umo, na bunduki zimo, kama ulivyoandika. Nakala naitia humu. Isome kwa kidole chako.

Mungu ailinde mikono yako huko Ijara.

Ni mimi mdogo wako,
mpiga taipu tu.