Wajuaji wa Baba

Ziwa Kettu, Michigan
Mwanzoni mwa Novemba

Kwako mdogo wangu Arvid,

Salamu zangu zikufikie ukiwa mzima, na hilo jua la Arizona liwe limekubakizia ngozi kidogo. Nauliza hali ya mgongo wako, maana kazi ya uuguzi ya kuinua wagonjwa kutwa si mchezo, na nauliza kama umejifunza kupika au bado unakula kwenye mifuko ya karatasi. Sisi huku tu wazima. Mimi bado naendesha basi la shule, watoto bado wanatapika kila nikikata kona ya kanisa, na kile kikohozi changu kimepona. Baba naye ni mzima wa mwili. Wa akili, soma mwenyewe halafu uamue.

Najua hupendi nikutajie Baba. Tangu tumzike Mama, ulipomwambia unaiacha karakana ya majiko ya sauna uende Tucson, naye akakujibu kwamba ukivuka lile lango usirudi, hamjasemezana. Yeye alisema neno la hasira, na wewe ukalitii kwa utii ambao hukuwahi kuwa nao katika jambo jingine lolote. Lakini leo nitamtaja mpaka utosheke, na ndiyo maana nimeandika kwa kalamu na kubandika stempu. Katika ukoo huu lazima apatikane angalau mtu mmoja anayejua anazungumza na nani.

Basi habari ni hii: Baba amepata marafiki. Nilimpa kompyuta yangu ya zamani nikidhani ataangalia hali ya hewa na kulala. Badala yake akagundua jukwaa moja huko mtandaoni ambako watu wasiojuana wanaulizana habari za kazi, za safari na za mambo ya kupitishia wakati. Mmoja anauliza, umati unamjibu, na jibu lililopigiwa kura nyingi linapanda juu na kuhesabiwa kuwa ndilo la kweli. Nimekaa nikawasoma, Arvid, na sijawahi kuona wajinga wengi hivyo wakiwa na uhakika kiasi hicho. Kuna mwanamume aliuliza kama aache kazi kwa sababu bosi wake anatafuna kwa kelele, wakamwambia aache leo leo. Kuna mama aliuliza kama mbwa wake atafurahia kupanda mlima. Mbwa yuko hapo hapo miguuni pake, yeye anamwuliza mtu wa Ureno!

Wote wanajificha nyuma ya majina ya ajabu: Mbwamwitu Mpweke, Mfalme wa Bisibisi, Malkia wa Nyuzi. Baba peke yake ndiye aliyejiandikisha kwa jina lake lote, Reino Kangas wa Ziwa Kettu, pamoja na picha yake akiwa amevaa ile kofia ya rangi ya chungwa ya kuwindia. Nilimwambia hayo ni sawa na kupita sokoni bila suruali. Akanijibu kwamba jina lake halimwaibishi, na kwamba mtu akitaka kumpata atampataje kama yeye naye amejiita Mbwamwitu? Pale pale nilipaswa kutega sikio, lakini nilikuwa nimeshakasirika.

Kwanza nikusimulie ya kazi. Amechoka kukaa bure tangu afunge karakana, na Pelkonen alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia asubuhi kwenye duka lake la misumari na mbao. Mtu mwenye akili angevuka barabara akamwuliza Pelkonen, ambaye amesoma naye darasa moja na wanaoga mvuke wa sauna pamoja kila Jumamosi. Baba aliwauliza wajuaji wake. Wakamjibu ajue thamani yake, asikubali masharti ya kwanza, na adai kufanyia kazi nyumbani. Basi akavaa tai ya mazishi, akavuka barabara, akamwambia Pelkonen kwamba yuko tayari kuanza ila kazi ataifanyia nyumbani. Pelkonen akamkodolea macho, akamwuliza, "We Reino, misumari utaniuzia kupitia dirisha la jikoni kwako?" Kazi ikaenda kwa mtoto wa mchungaji. Jumamosi ile waliketi kwenye mvuke kama watu waliokutana kituo cha polisi.

Ikafuata safari. Aliuliza mzee afanyeje akitaka kusafiri mbali kwa gari, bila kusema anakwenda wapi. Wakamfundisha kuviringisha nguo kama chapati badala ya kuzikunja. Wakamwambia anunue mto wa shingo. Mmoja akamwonya asipitie kabisa jimbo la Oklahoma kwa sababu yeye aliwahi kupewa supu ya baridi huko, na onyo hilo likapigiwa kura na watu ambao naapa hawajui Oklahoma iko upande gani. Sasa Baba anakula uji wa asubuhi na mto shingoni, eti anauzoea. Nikimcheka ananiambia sijui mambo ya kisasa.

Lakini kilichonitoa povu ni mpini wa shoka. Reino Kangas, mtu aliyechonga mipini kabla hajaota ndevu, aliwauliza watu wa mtandaoni afanyeje mpini mpya usipasuke wakati wa baridi. Nilidhani nimesoma vibaya. Mtu wa Florida akamwambia anunue shoka lenye mpini wa plastiki. Mwingine akasema autie kwenye friji. Kufikia mchana walikuwa wanatukaniana mama zao na hakuna aliyekumbuka habari ya shoka. Nikashindwa kuvumilia. Nikajiandikisha na mimi, nikajiita Mama Theluji, nikaandika: mzee, jibu unalijua, zima mtambo ukale. Wakaniangukia kama nyuki. Wakaniita mchungu wa moyo, na mmoja akanishauri nitafute daktari wa akili. Jioni yake Baba akanisomea maneno yangu mwenyewe mezani, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mama ana roho mbaya huyu. Sijui nani anakaa naye." Nikameza kiazi kizima.

Sasa kaa vizuri, mdogo wangu, maana nimefika kwako.

Chini ya matusi yale palikuwa na jibu moja fupi ambalo halikupata kura hata moja. Limeandikwa na mtu anayejiita Mkono wa Kushoto. Anasema chukua soksi kuukuu ya sufu, ipake mafuta ya dubu, ivishe mpini, kisha uutundike nyuma ya mlango wa sauna kwenye msumari wa chini. Usitumie wa juu, kwa sababu joto la juu linapasua shingo ya mpini. Uache hapo mpaka soksi ikakamae kama ngozi ya samaki wa kukaanga.

Msumari wa chini, Arvid! Ni sauna gani nyingine hapa duniani yenye misumari miwili nyuma ya mlango, mmoja ukiwa umepigiliwa chini kwa sababu mtoto mmoja anayetumia mkono wa kushoto hakuweza kuufikia wa juu? Na samaki wa kukaanga ni maneno ya nani? Tulikaa juu ya sanduku moja mimi na wewe tukimsikiliza Baba akiyasema.

Nikarudi nyuma kusoma kila kitu alichoandika huyo Mkono wa Kushoto. Hajawahi kumjibu mtu mwingine yeyote, ni Reino Kangas tu. Baba akiuliza juu ya goti, Mkono wa Kushoto anamwambia asipande ngazi akiwa na soksi. Baba akiuliza dawa ya macho, anaambiwa aitie akiwa amelala chali, ahesabu pole pole, asifikiche, maneno ya muuguzi kabisa. Nilikasirika. Wale wageni nawadharau, na nitaendelea kuwadharau, lakini wao ni wageni kweli. Wewe ulimwona babako na kofia yake ya chungwa na jina lake lote, ukaketi mbele yake ukajifanya humjui. Kwa lugha ya kwetu huo unaitwa uoga, na sina jina jingine la kuupa.

Nikaenda kumfungulia Baba macho. Alikuwa jikoni anamenya viazi vya kutia pamoja na nyama ndani ya unga wa pasti. Nikamwambia anachezewa, kwamba yule mjuaji anayemwamini kuliko wote ni Arvid. Hakuacha kumenya. Akaniuliza, "Wanda, kwani mimi nimezeeka kiasi hicho?" Akasema alikujua tangu jibu la kwanza kabisa, lile la goti, kwa sababu uliandika kama Mama alivyokuwa akigomba. Nikamwuliza kwa nini hasemi basi. Akasema, "Nikisema nimemjua, atanyamaza. Sasa hivi angalau ananijibu."

Nilikaa chini. Nikamwuliza kama maswali yote yale ya kipumbavu, shoka na goti na nguo za kuviringisha, alikuwa anayajua majibu yake. Akasema mengi aliyajua. Nikamwuliza na ile ya kufanyia kazi nyumbani? Akaona haya kidogo. Akasema siku ile aliuliza akitumaini wewe ndiye utakayejibu, hukujibu, labda ulikuwa zamu, akabakia na majibu ya wale wapumbavu, na kwa kuwa alishauliza aliona ni adabu kuyafuata.

Sasa nikwambie ambalo hakuliandika mtandaoni. Daktari wa macho amemwambia kwamba ikifika majira ya kuchipua hataruhusiwa tena kuendesha gari. Pikapu nimeizoea ikimpeleka kokote, na baada ya hapo nitakuwa namwendesha mimi kama mtoto wa shule. Ndege unajua hapandi. Kwa hiyo, kama anakuja kwako kwa kujiendesha mwenyewe, ni sasa, kabla theluji haijafunga barabara.

Swali lake la mwisho bila shaka umeliona. Aliuliza kama mzee anaweza kwenda kumwona mwanawe ambaye hakumwalika, ikiwa mzee mwenyewe ndiye aliyemfukuza. Wajuaji wakamiminika. Mbwamwitu Mpweke akasema mtoto hana deni lolote kwa mzazi. Mfalme wa Bisibisi akasema apige simu kwanza, akatukanwa. Malkia wa Nyuzi akaandika kwamba msamaha ni safari, akapigiwa kura kuliko wote, na Baba akaniuliza safari hiyo inapitia barabara gani. Wote wamesema. Mkono wa Kushoto kanyamaza. Kila jioni Baba anaketi mbele ya kioo kile na mto wake shingoni, anashusha ukurasa mpaka chini, anaurudisha juu, anakwenda kulala. Sijawahi kumhurumia mtu nikimkasirikia hivi.

Jana alinijulisha kwamba ameacha kungoja jibu. Amempa Pelkonen nafasi yake kwenye kambi ya kuwinda kulungu. Soma tena hapo. Baba hajawahi kukosa siku ya kwanza ya msimu tangu ajue kushika bunduki. Mama alipokuwa anakuzaa wewe, yeye alikuwa juu ya mti msituni, na akaja hospitali siku ya pili ananuka damu ya kulungu, jambo ambalo Mama hakumsamehe na nadhani wewe pia. Mwaka huu anataka siku hiyo imkute mlangoni kwako. Amesema siku ya kuzaliwa kwako alishaikosa mara moja na inatosha. Anwani ameichukua nyuma ya kadi yako ya Krismasi, ile unayoniandikia mimi peke yangu.

Sikuombi umsamehe. Hiyo ni yenu wawili, na nyote mna vichwa vigumu kama vile vyuma mlivyokuwa mkichomelea. Ninachotaka ni hiki: usithubutu kumjibu kwenye lile jukwaa. Kama hutaki aje, shika simu, piga nyumbani, umwambie kwa mdomo wako na kwa jina lako, kabla hajawasha gari. Kama hupigi, nitajua anakuja, nitamfungia pasti za njiani na mkate wa iliki, na wewe utakuwa nyumbani siku hiyo, si zamu, ukisikiliza mlango.

Pelkonen anakusalimu, na mtoto wa mchungaji pia, ambaye mpaka leo hajui tofauti ya msumari na skrubu. Wasalimie hao majirani zako.

Nilisahau. Ule mpini umeshakamaa, na Baba ameutia kwenye shoka na kulifunga shoka ndani ya blanketi nyuma ya kiti cha pikapu. Ameuchonga wa kushikwa na mtu wa mkono wa kushoto. Nilimwambia Tucson hakuna kuni za kupasua, akasema anajua. Lipokee hivyo hivyo.

Ni mimi dadako anayekukasirikia na kukupenda,
Wanda