Waya ya Chini

Jumatatu, 2 Agosti 1976
Leo tumesimamisha nguzo ya mwisho. Ya ishirini na nne. Mgongo umekufa. Eti na hii ni darubini! Mimi naijua ile ya kwenye hema, ina bomba refu na kioo ndani. Hii ni nguzo na waya tu, kama kamba za kuanikia nguo, katikati ya mbuga ya Usangu. Bwana Crispin, mkubwa wetu hapa kambini, katuambia ile ya kioo inaona, hii inasikia, itasikiliza ile sayari kubwa, Jupita. Hata asubuhi, hata mawingu yakiwepo. Na huko Ulaya wanapeleka nyingine juu kwa roketi, maana kuna mwanga wa nyota unazuiwa na hewa, haufiki chini. Lutengano, tunachimba naye, kauliza: sasa hiyo Jupita inasema nini, inaomba kazi? Bwana Crispin mwenyewe kacheka.

Jumatano, 4 Agosti 1976
Tumetandaza waya nyingine chini, kwenye majani. Nyingi. Hazijafungwa popote. Kazi yake siioni. Sikuuliza.

Ijumaa, 6 Agosti 1976
Ruhusa nimepata. Kesho Igowole, kumwekea mke wangu Lusia msalaba kaburini. Mwaka umetimia toka afe. Mbao nimechonga mwenyewe. Misumari hakuna, duka la kijiji tupu. Nimekata waya ya chini, ile ya pembeni kabisa. Pima tatu. Mabaki tu.

Jumapili, 8 Agosti 1976
Igowole. Baridi, ukungu. Msalaba umesimama. Nimezungusha waya pale mbao zinapokutana, mara nyingi, inang'aa! Shemeji Apolonia, mdogo wake Lusia, kaishika. Kasema: shemeji, dada angeona hii angeturingia sote. Nimefurahi sana. Naandika hivyo maana ni kweli.

Jumatano, 11 Agosti 1976
Jana nimerudi. Leo aibu.
Jupita haisikiki vizuri. Spika ilikuwa inalia alfajiri kama mvua kwenye bati. Sasa inakoroma tu. Bwana Crispin katutoa wote kukagua waya moja moja. Kaikuta pembe iliyokatwa. Kapiga magoti pale pale. Kasema zile za chini ndiyo kioo cha darubini hii. Sauti ya nyota inashuka, inagonga pale, inarudi juu kwenye nguzo. Zikipungua, inakuwa kiziwi.
Kumbe nimeiba kioo. Mimi!
Lutengano kaonyesha kinyesi cha ng'ombe karibu. Kasema: si huyu Msukuma, nani mwingine hapa anavaa waya mguuni?
Nkuba anachunga mbugani hapa toka ahame Shinyanga. Waya zake za mguuni za zamani, nyeusi. Nazijua. Kila asubuhi ananiletea maziwa kwenye kibuyu, bure, kwa vile sina mke.
Nikanyamaza.

Alhamisi, 12 Agosti 1976
Mgambo wamemleta. Mikono kamba. Ng'ombe zake wamezifungia kijijini, hazijanywa maji toka jana. Lutengano anamwambia: Nkuba, bangili ya Jupita imekukaa vizuri? Watu wakacheka. Na mimi nikatoa meno.
Nkuba kaniona. Kasema: "Baba Tadeo, waambie. Wewe unanijua."
Nikasema namjua. Basi. Nikaishia hapo.
Kesho anapelekwa polisi Mbeya. Chakula sijala.

Ijumaa, 13 Agosti 1976
Asubuhi nimeingia hema la Bwana Crispin. Nimevua kofia. Nikasema: waya nimekata mimi.
Kaniangalia. Halafu kacheka kidogo, kanisogezea kiti. "Mzee Tadeo, una moyo mzuri. Lakini usimbebee mtu mzigo wake. Amekuomba?"
Nikasema nimekata mimi.
"Haya. Ya nini? Iko wapi?"
Hapo — nikaona kichwani mgambo wanaufungua ule msalaba kule Igowole, Apolonia amesimama anaangalia. Nikabaki naikunja kofia.
"Unaona sasa," kasema. Kanimiminia chai. Sukari vijiko vitatu. Kamwita Lutengano aje aone mtu mzima alivyo na utu. Lutengano kaniinamia: shikamoo mzee. Hajawahi.
Chai nimekunywa. Nimekunywa yote.
Bwana Crispin kasema niende nao Mbeya, nikae mbele na dereva, Nkuba atatulia akiniona. Nimepanda. Naandika humu kwenye gari, dereva anatia maji. Nkuba yuko nyuma kachuchumaa. Kagonga bati nyuma ya kichwa changu.
"Baba Tadeo. Wameniambia ulivyonitetea. Asante, baba."
Nimesema haya, Nkuba. Gari limewaka.