Koko Amenichongea Upinde Mrefu, Nami Napiga kwa Ule Mfupi

Mpendwa Maman Nzigire, naomba msaada wako, na kwanza unisamehe kwa kuandika badala ya kupiga simu kwenye kipindi chako cha redio kama wengine, maana mimi nikisikia sauti yangu kwenye simu ninakata, nina aibu ya namna hiyo, nilisoma kwa Kifaransa Bukavu hadi mwaka wa nne na sasa ninasoma kwa Kiingereza hapa Gihundwe, na katika lugha zote mbili neno linalonishinda ni lile la kukataa.

Nina miaka kumi na sita. Tangu mwaka jana niko kwenye klabu ya kurusha mishale ya shule yetu, mishale ya kienyeji, bila vioo vya kulengea wala vyuma, ni mti na kamba tu. Kochi Manzi alitugawia pinde fupi ambazo ncha zake zimepinda kuelekea mbele, yeye anaziita rikavu, na mimi niliupenda wangu siku ile ile, maana unauvuta bila kupigana nao na mshale unaondoka kama umetukanwa. Kwa hatua ishirini ninaweka mishale minne kati ya sita ndani ya duara nyekundu. Si majivuno, mwenzangu wa klabu Clarisse ndiye anayehesabu, na Clarisse hampendelei muntu, anasema mimi ninaogopa watu wote wa Rusizi ila siogopi shabaha.

Sasa shida ni Koko wangu. Ni baba ya maman, anaitwa Bizimana, anakaa Nyakarenzo, na baba yake yeye alikuwa fundi wa kuchonga umuheto, upinde mrefu wa zamani usiopinda ncha, Koko alijifunza kwa kumwangalia akiwa mtoto, kisha familia ikakimbilia Congo na kule hakuchonga hata mmoja, miaka zaidi ya arobaini, na waliporudi hapa akalima mihogo tu. Aliposikia kwamba ninarusha mishale akashusha kutoka darini mti alioukausha juu ya jiko bila kumwambia muntu ni wa nini, akanisimamisha mlangoni akanipima kutoka unyayo hadi paji la uso, akaanza kuchonga. Akanipa siku ya Pasaka mbele ya wajomba na majirani. Nikapokea kwa mikono miwili, nikasema aksanti, Koko, kama inavyotakiwa.

Maman Nzigire, ule upinde siuwezi. Ninauvuta, unafika nusu, mikono inatetemeka, kamba ikirudi inanichapa mkono wa kushoto, ndiyo maana nimevaa sweta tangu Pasaka na jua hili, maman anafikiri ni mtindo. Nimeurusha mara nne tu, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mara ya mwisho mshale ulianguka hatua kumi mbele ya kuku, kuku hakukimbia, alikuja akaudonoa.

Na kila Jumapili Koko ananiuliza jambo moja tu, "Haiko inakulemea?" na mimi ninajibu, "Hapana, Koko, iko muzuri." Anauliza tena, "Hata kidogo?" Hata kidogo. Basi anaangalia mabega yangu, anatikisa kichwa, halafu anakwenda kuwaambia watu wa kwaya kwamba mjukuu wake anavuta upinde wa mwanaume.

Jumamosi ijayo kuna mashindano ya shule hapa Kamembe. Kuna mistari miwili, wa pinde zilizopinda na wa pinde ndefu, na muntu anaandikwa kwenye mmoja. Kochi aliniuliza kama nitasimama na Clarisse na mwenzetu wa tatu kwenye mstari wa zilizopinda, maana timu ni watatu na wakiwa wawili hawarushi, nikasema ndiyo. Siku hiyo hiyo Koko akapiga simu kwamba atakuja na wanakwaya sita kuangalia upinde wake, nikasema ndiyo. Alhamisi kochi anapeleka karatasi ya majina. Clarisse ananiambia, "Andika ule unaopiga nao, mzee atanuna siku mbili." Lakini Koko hanuni. Atasema hakuna shida, atarudi Nyakarenzo na wanakwaya wake, na atafikiri kwamba mkono wake umesahau kazi ya baba yake. Hilo silitaki hata kama nitakosa mishale yote.

Tafadhali niambie upinde upi ni bora, mfupi au mrefu. Ukisema mrefu nitakubali aibu, ukisema mfupi nitatafuta ugonjwa wa Jumamosi ili Koko asije.

Ni mimi, mwenye sweta.

*

Mwenye sweta, mutoto wangu, aksanti kwa barua. Kaa vizuri, maana nitakubembeleza na kukugombeza kwa pumzi moja.

Umeniuliza upinde upi ni bora. Sijui kuvuta hata ule wa kuchezea, kwa hiyo nilibeba barua yako, bila jina lako, nikaenda kwa mzee Mukengere anayechonga pinde za wacheza ngoma. Akaniambia hivi. Ule wa ncha zilizopinda unakupa mbio nyingi kwa nguvu kidogo, lakini ukikosea kidole unakuaibisha hapo hapo. Ule mrefu unakwenda polepole, ni mtulivu mkononi, unakuvumilia ukikosea kidogo, ila unataka uvutwe wote hadi shavuni. Hakuna aliye mkubwa wa mwenzake. Upinde mbaya ni ule usioweza kuuvuta, na huo hata uwe wa dhahabu, kuku ataudonoa.

Kisha nikamsomea pale Koko wako anapouliza kila Jumapili. Mzee akaweka kisu chini, akacheka hadi akakohoa. Nikamuuliza anacheka nini.

"Maman, ule upinde haiyaisha kuchongwa," akasema. "Fundi anaachaka mwili, unene wa ziada, kwenye mti kwa kusudi. Kupunguza ni kazi ya saa mbili, kuongeza haiwezekani. Anangojea mutoto aseme."

Umesikia? Koko wako hakuwa anatafuta sifa. Alikuwa anatafuta kipimo. Alipima urefu wako mlangoni, lakini nguvu za mkono hazipimwi na mlango, zinapimwa kwa kuuliza, na ameuliza kila Jumapili tangu Pasaka. Wewe kwa adabu yako nzuri ukamfungia mlango kila Jumapili. Mzee wa watu amebaki na kazi nusu mkononi, anafikiri amemaliza.

Nitakugombeza hapa. Sisi tunafundisha batoto kupokea kwa mikono miwili na kushukuru, na ni vizuri, usiache. Lakini mukubwa akikuuliza swali ili afanye kazi yake, kumjibu "iko muzuri" wakati mkono umevimba si heshima, ni kumnyima chombo. Ungemwambia fundi wa viatu kwamba kiatu hakikubani, halafu utembee ukichechemea hadi mpakani Rusizi ya Pili?

Na ugonjwa wa Jumamosi ufute kabisa. Una wenzako wawili ambao bila wewe hawarushi.

Kwa hiyo utafanya hivi. Alhamisi jina lako linaandikwa kwenye mstari wa pinde zilizopinda. Ndiyo uliyompa kochi ina watu watatu ndani yake, na mkono wako umeuzoea ule mfupi. Upinde wa Koko haukimbii, na mkono uliochapwa hauponi kwa siku hizi chache. Ukishapona, na upinde ukishapunguzwa, vuta zote mbili kwa miezi miwili, halafu utachagua kwa mkono wako badala ya kuniuliza mimi.

Lakini kabla ya Alhamisi unapanda Nyakarenzo. Utakwenda na upinde, bila sweta. Najua maneno yanakukwama, basi usitayarishe maneno. Simama mbele yake, uvute hadi pale unapofika, na ubaki hapo. Yeye ni fundi, ataona. Akiuliza, sema maneno mawili tu, "Iko inanilemea, Koko," kisha ukae karibu naye akitafuta kisu, na kila akikwangua uvute tena, mpaka ufike shavuni. Ndipo umwambie kwamba Jumamosi utasimama na ule wa shule. Aje na kwaya yake yote.

Jibu hili nakutumia kwenye simu leo Jumapili. Hewani nitalisoma Jumatano saa kumi jioni, majina nimebadilisha yote, lakini kule Nyakarenzo wazee wangapi wamechongea mjukuu upinde mwaka huu? Uwe umefika kwake Jumanne.