Namba ya Mzee Ngolo

Nyumbani kwa Baba Mdogo Silasi,
Nyasura, Bunda.
16 Novemba 2025

Mpendwa Shangazi Matrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima huko Songea, na goti limekuachia angalau upande ngazi za kanisa bila kushikwa mkono. Sisi huku hatujambo. Baba yuko Butiama na ng'ombe wake. Ana kikohozi kidogo, lakini sauti ya kuwafokea wachungaji bado anayo. Mvua imeanza vizuri. Sato wameadimika, tunakula dagaa.

Utashangaa kuona anuani ya Nyasura wakati duka langu liko Musoma, na utashangaa zaidi kwamba nimeshika kalamu. Nimekupigia simu mara tatu tangu mwezi uliopita nikitaka kukwambia jambo, na mara zote nikaishia kukuuliza habari za mahindi. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Duka linaendelea. Zamani kompyuta zangu zilijaa programu za kila aina. Siku hizi nawasha nafungua brauza ya intaneti, na kazi zote ziko humo: vyeti vya kuzaliwa, leseni, maombi ya vyuo. Fundi wangu Boniphace anasema huko mbele hata kuandika hatutaandika. "Utaiambia tu, niombee huyu mtoto chuo. Inajaza, inatuma, inathibitisha. Wewe kazi yako chai."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuinywa hiyo chai, Shangazi.

Niliiruhusu brauza ikumbuke kila ninachoandika, maana msimu wa udahili foleni inafika barabarani. Ukigusa kisanduku inakuletea jina, namba, anuani, unabonyeza. Mwezi wa saba Wankyo, binti wa Baba Mdogo, alikuja na vyeti vyake kwenye bahasha, akiwa ameivaa ile saa ya kiuguzi uliyompa alipomaliza kidato cha nne. Alitaka kujaza fomu mwenyewe. Nikamwambia, kaa kwenye benchi mdogo wangu, hii ni kazi ya dakika tano. Kabla yake nilikuwa nimemhudumia Mzee Ngolo wa Buhemba, aliyekuwa akifuatilia leseni ya uchimbaji. Brauza ikaweka namba ya simu ya Mzee Ngolo kwenye fomu ya Wankyo. Sikusoma. Nilituma, nikaita mteja mwingine.

Majina yalipotoka, Wankyo hakupata ujumbe wowote. Baba Mdogo akaniuliza, nami nikajibu bila hata kuangalia kwamba hakuchaguliwa, ushindani ulikuwa mkubwa. Najua ulimpigia Wankyo ukamsema kwa uvivu. Najua pia kwamba tangu siku hiyo hamjaongea.

Katikati ya mwezi wa kumi Mzee Ngolo akaingia dukani na simu mkononi. "Kijana, hawa watu wananitumiaga pongezi. Eti nimechaguliwa uuguzi, nithibitishe. Nilikuwaga nafuta tu. Leo wananiambia nimechelewa, nafasi amepewa mwingine. Mimi na miaka sabini hii nitamchoma nani sindano?" Dukani watu walicheka mpaka wakashika meza. Na mimi nilicheka, hadi nilipoliona jina la Wankyo kwenye ule ujumbe.

Nilipiga simu chuoni palepale. Walikuwa wapole, lakini nafasi ilikuwa imekwenda.

Halafu nikanyamaza wiki nne. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko namba yenyewe. Nilikuwa namwona Baba Mdogo akija mjini, namnunulia soda, namuuliza pamba imeota vipi.

Jumatano Wankyo mwenyewe alikuja dukani. Aliniletea mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kutoka kwa mama yake, shukrani kwa jinsi nilivyohangaika. Nilivyohangaika, Shangazi! Akatoa na ile saa, ameifunga kwenye leso, akaniomba niitume kwako kwa basi. "Kaka, mrudishie Shangazi. Ampe mtu mwenye kichwa." Nikaipokea. Nikaitia kwenye droo na nikamshukuru kwa michembe. Sijawahi kujiona mdogo kama siku ile.

Jana nilifunga duka nikaja huku na saa mfukoni, nikawaeleza yote. Baba Mdogo alinyanyuka akaenda shambani, na hadi sasa hajala meza moja na mimi. Wankyo aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo nilichaguliwa?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena. Nikasema ndiyo, ulichaguliwa. Akaenda jikoni kumwambia mama yake.

Chuo kinapokea tena maombi mwezi wa tatu. Safari hii yeye atakaa kwenye kiti na mimi nitakaa kwenye benchi. Huenda Boniphace anasema kweli, na brauza zitatufanyia kila kitu. Lakini hajaniambia ikikosea ni nani atakayepanda gari kuja Nyasura.

Hasira yako nielekezee mimi, nitaibeba. Wankyo nakuomba umpigie, umwambie mwenyewe kwamba hakuwa mvivu. Akilisikia kwangu halina uzito.

Msalimie Mzee Clementi na dada Eunice, na majirani walionipokea nilipokuja. Mungu aitunze mikono yako inayopokea watoto wa watu kila siku, na akupe usingizi wa kutosha.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata kama leo naona haya,

Yusto

Nilisahau: saa haimo humu, usiitafute. Nilimpa Wankyo barua hii aisome kabla sijaifunga. Ameisoma yote, akaivaa saa yake, na hajasema kama amenisamehe. Nilipotaka kuandika anuani yako juu ya bahasha alininyang'anya kalamu. Huo mwandiko uliouona kwanza ni wake.