Hapa Hakuna Mgeni

Riruta, 9 Machi 2008

Karanja wangu,

Kifua kilipona? Na unakula mchana huko mjini, ama bado ni chai na mandazi? Mimi ni mzima, ni magoti tu.

Simu iliibwa Kenyatta Market, kwa hivyo barua anabeba Maina wa kinyozi akija mjini.

Nyokabi, yule msichana aliyechomewa nyumba kule Burnt Forest kwa vita vya baada ya kura, bado niko naye. Tumbo limekuwa kubwa. Ananisomea Biblia, kwa maana shule yangu unaijua: kuandika najikokota, lakini kusoma herufi ndogo siwezi. Juzi watu wa ofisi yenu ya serikali walipita wakiuliza nani amepokea wageni wa vita. Nyokabi alikuwa ameketi hapo akikata mboga ya sukuma. Nikawaambia hapa hakuna mgeni, huyu ni mtoto wangu. Ungeona alivyocheka. Utamwitaje mtu mgeni akisikia, na anapika kwa jiko lako?

Kula vizuri.

Mama yako

Nairobi, 20 Machi 2008

Mama,

Natumai magoti yametulia. Mimi kifua ni afadhali.

Mama, ulifanya nini? Wale walikuwa wanaandikisha waliohamishwa na vita wapewe kadi. Kwa ile kliniki mpya mwenye kadi anazalishwa bure, hata ambulensi inamfuata. Asiye nayo analipa kama mwenyeji. Kuandikisha majumbani kumefungwa, sasa wanaandika walio kwenye mahema ya wakimbizi pale uwanjani tu. Nami nikipenyeza mtu wa kwetu wataniita mwizi. Tafadhali usimwambie Nyokabi, atajisikia vibaya.

Mwanao Karanja

Riruta, 6 Aprili 2008

Mwanangu,

Nakusalimu, na nakuombea. Funga shingo, mvua imeanza.

Barua yako alinisomea Nyokabi. Ningempa nani mwingine? Alipofika pale unasema nisimwambie hakuacha, akasoma mpaka jina lako. Asubuhi akakunja godoro.

Nikamwambia, "Tutachanga, mtoto wangu. Tutalipa."

Akasema, "Umechanga ya kutosha. Kwako nalala vizuri, lakini serikali hainioni."

Sasa yuko kwa hema. Majirani wanasema nimefukuza mjamzito. Mama Cate hanisalimii hata kanisani. Nikipeleka uji, askari wa uwanja ananiuliza mimi ni nani kwake. Karanja, ongea na wakubwa wako. Kibao cha kliniki kinasema ni ya wenyeji na waliohamishwa, sisi sote. Hao sote ni nani?

Mama

Riruta, 25 Mei 2008

Karanja,

U mzima? Sijapata jibu, na Maina anaapa barua alikupa mkononi. Labda kazi ni nyingi.

Nyokabi alijifungulia kwa hema. Ambulensi ilikuja, ikakwama kwa matope ya uwanja. Mtoto alikuwa mvulana. Aliingiwa na baridi, hakukaa duniani. Kadi ya Nyokabi ilitoka, iko na picha yake nzuri.

Wiki iliyopita lori liliwapeleka watu wa mahema upande wa Naivasha. Alipitia kuaga. Hakuketi, alisimama mlangoni kama mtu anauliza njia. Chai niliyomwekea ikapoa.

Ukiniandikia, andika herufi kubwa. Aliyekuwa ananisomea hayupo.

Jana watu wa ofisi yenu walirudi. Wanaandikisha majumbani upya, ati ile ya kwanza ilikuwa na makosa. Wakaniuliza kama nina mgeni wa vita. Nikawajibu vilevile kama siku ile: hapa hakuna mgeni. Wakanishukuru, wakaenda nyumba ingine.

Mama yako