Picha Moja ya Mama Mkwe

Jumamosi, 14 Juni.

Asubuhi baridi, ukungu hadi mlangoni. Mlima Hanang hauonekani kabisa. Betri imechajiwa tangu jana, lakini nimeiangalia tena kabla ya kunywa chai.

Leo mama mkwe amekubali kupigwa picha.

Nimeishi kwa kupiga picha. Katika studio yangu hapa Katesh, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, nimewapiga maharusi, watoto wa kipaimara, na wenye shida ya picha za pasipoti. Tangu yale matope ya mlimani yaliyoshuka Jorodom yakazoa nyumba na watu, wengi huja kuniuliza kama bado ninazo negativu za ndugu zao. Nyingi ninazo, nimezipanga kwa mwaka na kwa jina la ukoo. Ya mama mkwe sina hata moja.

Sababu alinipa mara moja tu, nikiwa mgeni bado katika boma lao, Mmbulu wa Bashay niliyeolewa kwa Wabarabaig. Enzi hizo filamu ikijaa nilimpa kondakta wa basi, ikasafishwe Arusha na kurudi baada ya wiki. Mama aliposikia hivyo akajifunika uso.

"Sura yangu ikalale Arusha kwa watu nisiowajua? Wanione wao kabla yangu?"

Nikairudisha kamera mkobani. Kwa miaka sikumwomba tena.

Masika hii aliugua mapafu. Alipozidiwa, mume wangu alinivuta pembeni akaniuliza polepole, "Hivi hatuna hata moja?" Mama alipona, ila amebaki mwepesi kama kuku wa kiangazi, na lile swali limebaki na mimi.

Ndipo nikapokea kamera ya dijitali ambayo binti yetu Neema alikuwa akinibembeleza niichukue. Nilikuwa naikataa. Niliona ni kifaa cha watu wasio na subira.

Kujifunza kumenifanya kichekesho ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Siku ya kwanza ya kutoa memori kadi nilifunga mapazia, nikaingiza mikono na kamera chini ya blanketi, nikaitoa kwa kupapasa ili isiungue na mwanga. Baba Neema akasimama mlangoni. "Unazalisha nini humo?" Amewasimulia sokoni kote.

Kidole gumba bado kinatafuta wenzo wa kusogeza filamu kila nikishapiga. Tena nimezoea kuongeza mwanga kidogo, kwa kuwa filamu inavumilia ukizidisha. Hii haivumilii. Kwenye harusi ya jirani shela la bibi harusi lilitoka jeupe tupu, maua yake yote yamepotea, na hakuna namna ya kuyarudisha. Sasa natazama kwanza palipo peupe zaidi, napunguza mwanga, ndipo napiga.

Lakini picha haiendi Arusha. Inabaki mkononi. Wiki iliyopita nilimweleza mama hivyo, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwahidi: utaiona wewe kwanza, na ukisema nifute, nitafuta.

Mimi na mume wangu tulifika bomani kwa mama, Gehandu, kwa pikipiki alasiri, ukungu umeshaondoka, vumbi limejaa hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mama Neema. Hicho chombo hakijapita Arusha?"

"Hakijapita."

"Haya."

Alikuwa amevaa sketi yake ya ngozi, ile ya wanawake walioolewa, na bangili za shaba mkono mzima. Amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa zizi, mgongo umenyooka. Nilipomwona nikaangalia betri tena. Hajavaa hivi tangu augue. Nikiharibu leo, nani atamwomba mara ya pili?

Picha ya kwanza ilitoka safi kabisa. Ngozi ya sketi ina weusi wenye rangi ya kahawia ndani yake, na kila ushanga unaonekana. Nilipiga magoti nikamwonyesha kwenye kioo. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Futa."

Sikujua kufuta kunauma kiasi hiki. Kwenye filamu, hata iliyoharibika inabaki. Unaitupa kwenye boksi, na baada ya miaka unagundua kwamba nyuma ya bwana harusi alisimama baba wa mtu. Hapa unabonyeza, basi, hakuna kitu.

Nikafuta. Nikapiga nyingine, nikafuta. Nikambadilishia upande, nikamwomba ashushe mabega, nikafuta tena.

Kisha ndama akalia zizini na mama akageuza kichwa kumsikiliza. Jua la jioni lilimpitia shavuni, likaangukia zile alama za duara alizochanjwa kuzunguka macho akiwa msichana. Nikabonyeza. Nilijua kabla ya kuangalia. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, kwa filamu wala kwa kitu kingine.

Mama alipokwisha kuiona, mume wangu akachungulia begani kwake. "Mama! Hii tunaiwekea fremu."

"Wewe umeulizwa?"

"Lakini mama..."

"Kafunge ndama." Akanirudishia kamera. "Futa."

Kidole kilikaa juu ya kile kitufe. Angeweza asijue. Kusoma hajui, ningebonyeza kingine, kioo kingezima, na angeniamini. Nilimtazama akanitazama. Ahadi ilikuwa yangu, sikulazimishwa na mtu.

Nikafuta.

Nikamwambia apumzike, tumechoka wote. Nilikuwa nimesimama tu mbele yake, kamera usoni kwa mazoea, jua liko mgongoni mwangu. Yeye akageuka kumfokea mwanawe, ambaye sasa ndama alikuwa anamburuta badala ya yeye kumburuta ndama. "Hivi huyu nilimzaa mimi? Anashindwa na mtoto wa ng'ombe!" Akacheka, mkono juu. Nikabonyeza bila kufikiri.

Nilipoitazama nikaona aibu. Sketi imekatwa. Mkono wake aliouinua haukutoka wazi. Na chini, kutoka kwangu hadi mapajani mwake, kimelala kivuli changu, viwiko vimetoka nje kama masikio ya sufuria. Hilo ni kosa la wiki ya kwanza. Nimewafundisha wasichana wawili kazi hii, na jambo la kwanza niliwaambia ni kuangalia kivuli chao. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kufuta.

Mama akanishika kifundo cha mkono. Ana nguvu bado.

"Hujanionyesha."

Nikamwonyesha. Akasogeza kioo karibu, akakisogeza mbali.

"Na huyu aliyelala hapa ni nani?"

"Ni kivuli changu, mama. Nimekosea. Naifuta sasa hivi."

"Usifute."

"Mama, haijakaa vizuri."

"Kwenye zile nyingine nimekaa peke yangu kama mtu asiye na watu. Mtu akiziona atasema huyu bibi alikuwa wa nani?" Akaweka kidole juu ya kivuli, akakiacha hapo. "Huyu ni mke wa mwanangu. Weka hii."

Mume wangu aliuliza kutoka zizini yeye yuko wapi kwenye picha. Mama akamjibu kwamba ndama alitoka vizuri zaidi yake. Ndama hayumo wala yeye hayumo. Nikafunika lenzi, nikaizima kamera.

Miaka yote hii nimejua ananiheshimu. Kupika nilijifunza kwake, kukamua pia, na sijawahi kusikia neno baya kutoka kwake. Ila sijawahi kuwa na uhakika kama mimi ni wake. Mtu huwezi kuuliza jambo kama hilo.

Tumerudi Katesh giza limeanza kuingia. Neema amepiga simu kutaka kujua, nikamsimulia, akasema, "Mama, kivuli naweza kukitoa kwenye kompyuta. Ni dakika mbili tu, nitakufundisha."

Nikamwambia somo hilo nitaliruka.

Picha yenyewe siiweki hapa mnaposoma. Ameniruhusu kuitunza, hakuniruhusu kuitangaza. Jumatatu nitaichapisha mwenyewe studio, saizi kubwa, na nimpelekee kabla mtu mwingine hajaiona.

Nimezima kompyuta nilikoihamishia picha, nikaiwasha tena kuhakikisha tumo wote wawili. Nalala sasa, saa tano na robo.