Bibi wa Somo la Historia

Buhongwa, Jumatatu

Mama, shikamoo.

Mjukuu wako ameota jino la pili, usingizi sina.

Wanafunzi wangu bado wanazungumzia mtama uliowasagia kwenye jiwe ulipokuja darasani, waone watu walivyoishi karne ya kumi na saba. Mmoja alipouliza, "Mwalimu, huyu bibi ni nani?" nikajibu, "Ni mzee tu kutoka Usagara." Nikaona mikono yako imesimama juu ya jiwe. Niliwaonea haya walimu wenzangu waliokuwepo, Mama.

Leo nimewaambia darasani, "Yule ni mama yangu mzazi." Machibya akadakia, "Sasa mbona ulimficha, mwalimu?"

Jumamosi nakuja na mtoto. Usitume mtu aniambie umeenda shamba, nitakufuata hukohuko.

Ni mimi mwanao,
Ng'washi